Kiungo cha simu, kiungo cha kompyuta: hadithi ya ukurasa mmoja wenye anwani mbili

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kufukuza virusi. Leo nataka tuongee historia, na najua wengine mtasema historia ni ya walimu wa shule. Subirini kidogo. Historia hii ilimnyima mtu riziki, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mwaka 2019, nikiwa nimetoka tu chuo na cheti changu cha sayansi ya kompyuta, nilipewa kazi na mama mmoja anayeuza pampu za maji kwa wakulima. Tovuti yake ilikuwa ya zamani na nzito sana kwenye simu. Kazi yangu ilikuwa kuifanya iwe nyepesi. Basi nikakata. Menyu iliyokuwa na viungo ishirini na kitu nikaibakisha na vitatu. Sehemu ya chini ya ukurasa nikaiondoa yote. Orodha ya pampu nikaonyesha sita za kwanza tu, na chini yake kitufe cha "Onyesha zaidi". Kwenye kompyuta kila kitu kilibaki kama kilivyokuwa. Ukurasa ukawa unafunguka haraka, mama akafurahi, nikalipwa.

Mwaka uliofuata akanipigia. "Kijana wangu, kuna nini? Simu hailii." Wateja wake wengi walikuwa wakimpata kwa kutafuta Google jina la pampu fulani, wanafungua ukurasa wa pampu hiyo, wanapiga simu. Sasa kurasa hizo zilikuwa hazionekani. Nikafungua tovuti kwa kompyuta, nikaona viungo vyote vipo. Nikamwambia, "Mama, huku naona kila kitu kiko sawa." Nilikuwa nakosea, na ili mwelewe nilikosea wapi inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka ishirini.

Kiungo ni kura

Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza mtambo wao wa kutafuta waliouita Google. Mitambo iliyokuwepo ilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Ukitaka kuonekana, unarudia neno "hoteli" mara mia. Wao wakaongeza jambo moja: kuhesabu viungo. Ukurasa wangu ukiweka kiungo, au linki kama tunavyozoea kusema, kwenda kwenye ukurasa wako, nimekupigia kura. Tena kura hazilingani. Kura kutoka ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ina uzito zaidi, na ukurasa hugawa uzito wake kwa viungo vyote ulivyo navyo. Hesabu hiyo ikaitwa PageRank.

Tangu siku hiyo hadi leo Google imeongeza mambo mengi mno juu ya hesabu ile, lakini viungo bado vina kazi mbili. Kwanza, ni njia. Roboti ya Google husafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, na ukurasa usio na kiungo ni kama nyumba isiyo na njia ya kuifikia. Pili, ni kura. Na hapa ndipo pa kukazia macho: kura inapigiwa anwani. Google haijui "ukurasa wa pampu" kama mimi na wewe tunavyoujua. Inajua anwani. Ukurasa mmoja ukiwa na anwani mbili, nusu ya watu wakaweka kiungo kwenda huku na nusu kwenda kule, kura zako zimegawanyika kama za wagombea wawili wa kijiji kimoja. Wa kijiji cha pili anapita katikati.

Sasa, nani alileta anwani mbili? Simu.

Enzi za WAP

Mwaka 1997 kampuni za Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet zilianzisha jukwaa la WAP ili intaneti iingie kwenye simu. Simu za wakati huo zilikuwa na skrini ndogo isiyo na rangi na mtandao wa kutambaa kama kobe. HTML ya kawaida ilikuwa mzigo usiobebeka. Kwa hiyo WAP ikaja na lugha yake, WML, ambamo ukurasa uligawanywa katika vipande vidogo vilivyoitwa kadi. Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza zenye kivinjari cha namna hiyo. Japani, mwaka huo huo, NTT DoCoMo ilifungua huduma yake ya i-mode iliyotumia HTML iliyopunguzwa.

Maana yake ni kwamba mwenye tovuti alijenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, mara nyingi kwa anwani inayoanza na wap. Hazikuunganishwa na chochote. Ukurasa wa HTML haukuelekeza kwa ndugu yake wa WML, na simu nyingi hazikuweza kufungua viungo vya kompyuta hata kama ungevipata. Zilikuwa kama miji miwili isiyo na barabara kati yake.

Wengine walitaka mgawanyiko huo uwe wa kudumu. Mwaka 2004 lilipoletwa pendekezo la kuanzisha anwani zinazoishia na .mobi kwa ajili ya simu peke yake, Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti, alipinga wazi. Hoja yake ilikuwa rahisi: wavuti ni mmoja, na anwani inapaswa kumaanisha kitu kile kile bila kujali umeshika chombo gani. Nikikutumia kiungo kutoka kwenye kompyuta yangu, wewe ukifungue kwenye simu yako na ukute kile nilichokusudia. Hakusikilizwa. ICANN iliidhinisha .mobi mwaka 2005, na mwaka 2006 watu wakaanza kuzisajili. Lakini wazo lake halikufa. Mwaka 2008 shirika la W3C lilitoa mwongozo wake wa wavuti wa simu, na ndani yake kanuni ya wavuti mmoja ilipewa nafasi kubwa.

Herufi m na nukta yake

Mimi mwenyewe niliingia intaneti kupitia simu ya Nokia ya mjomba wangu yenye Opera Mini. Nadhani wengi wenu pia. Opera Mini ilitolewa duniani kote Januari 2006, na ujanja wake ulikuwa kwamba ukurasa ulibanwa kwanza katika seva za Opera kabla ya kuletwa kwenye simu, ili ule data kidogo. Kwa mtu anayehesabu shilingi za salio lake, hilo lilikuwa jambo kubwa. Sisi hatukuanza na kompyuta kisha tukahamia simu kama Wamarekani. Wengi wetu simu ndiyo ilikuwa intaneti, na saiba ilikuwa mahali pa kwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi.

Iphone ilipotoka Juni 2007 na simu za Android zikafuata mwaka 2008, simu ziliweza kufungua HTML kamili. WML ikafa taratibu. Lakini tabia ya tovuti mbili ikabaki, ila sasa kwa jina jipya: anwani inayoanza na m na nukta, kama m.facebook.com. Seva iliangalia jinsi kivinjari kinavyojitambulisha. Ikiona ni simu, inakusukuma kwenye m. Ikiona ni kompyuta, inakuacha kwenye www.

Hapo vurugu ya viungo ikaanza. Mtu anasoma habari kwenye simu, anainakili anwani ya m. na kuibandika katika jukwaa fulani. Kura imeenda kwa m. Mwingine ananakili kutoka kompyuta, kura imeenda kwa www. Google inaona kurasa mbili zenye maneno yale yale na haijui ipi ni mzazi. Na aliye kwenye kompyuta akibofya kiungo cha m. anafunguliwa ukurasa wa simu ulionyooshwa kwenye skrini nzima kama chapati. Wikipedia ilikuwa hivyo kwa miaka mingi: kiungo ulichotumiwa kutoka simu kilikufungulia sura ya simu hata ukiwa kwenye kompyuta.

Kosa baya zaidi lilikuwa la kuelekeza watu vibaya. Unatafuta habari fulani kwa simu, unabofya matokeo, seva inagundua una simu na kukutupa kwenye ukurasa wa mwanzo wa m. Habari uliyoitaka haipo. Ilikuwa kama kuuliza mlango wa daktari ukapelekwa getini. Mwaka 2013 Google ilitangaza kwamba tovuti zenye kasoro hiyo zingeweza kushushwa katika matokeo ya simu.

Kufunga uzi kati ya anwani mbili

Dawa ya kwanza ilipatikana mwaka 2009. Mwezi wa Februari Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuunga mkono alama moja ya HTML, rel="canonical". Kwa alama hiyo unaiambia mitambo, "Ukurasa huu ni nakala, anwani rasmi ni ile kule, kura zote pelekeni huko." Haikutengenezwa kwa ajili ya simu hasa, ila ilikuja kufaa sana.

Desemba 2011 Google ilianzisha roboti inayojitambulisha kama simu janja. Juni 2012 ikatoa mwongozo kamili wenye njia tatu. Njia ya kwanza, anwani moja na HTML moja, muundo unajirekebisha wenyewe kulingana na upana wa skrini. Hii ndiyo iliyopendekezwa. Njia ya pili, anwani moja lakini seva inatoa HTML tofauti kwa simu, na inapendekezwa seva itangaze hivyo kwa kichwa cha Vary: User-Agent. Njia ya tatu, anwani mbili zilizofungwa uzi: ukurasa wa www unaweka rel="alternate" kuelekea m., na wa m. unaweka rel="canonical" kurudi www. Ukifunga vizuri, Google inazichukulia kuwa kitu kimoja na kura zinakusanywa pamoja. Ukisahau upande mmoja, uzi umekatika.

Na je, njia ile ya kwanza ilitoka wapi? Mei 2010 mbunifu Ethan Marcotte aliandika makala katika jarida la A List Apart, akaipa njia hiyo jina: Responsive Web Design. Vipande vyake vyote vilikuwepo tayari, yaani gridi zinazonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na CSS inayouliza skrini ina upana gani. Yeye aliviweka pamoja. Kwa mtu wa viungo makala ile ilikuwa habari njema kuliko wengi walivyotambua wakati huo. Anwani moja, kiungo kimoja, kura moja. Hakuna uzi wa kufunga wala wa kukatika.

Tarehe 21 Aprili 2015 Google ikaongeza shinikizo. Kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zilianza kupewa nafasi bora katika matokeo ya simu. Mwezi uliofuata ilisema kwamba katika nchi 10, zikiwemo Marekani na Japani, watu walikuwa wakitafuta zaidi kwa simu kuliko kwa kompyuta. Wenye tovuti wakaanza kukimbizana.

Halafu, katikati ya safari ya kurudi kwenye anwani moja, Google yenyewe ikaleta ya tatu. AMP ilitangazwa Oktoba 2015 na kuingia katika matokeo ya utafutaji Februari 2016. Kurasa zake zilifunguka kufumba na kufumbua kwa sababu zilihifadhiwa katika seva za Google, lakini anwani uliyoiona juu ilikuwa ya google.com. Watu wakawa wanatumiana habari za magazeti kwa viungo vya Google! Mwaka 2017 iliwekwa njia ya kuonyesha na kunakili anwani halisi, na mwaka 2021 AMP ikaacha kuwa sharti la kuingia katika sehemu ya habari kuu. Wengi wakaitupa.

Simu inakuwa mzazi

Sasa tumefika kwenye kosa langu.

Hadi mwaka 2016 kulikuwa na jambo la ajabu ambalo wengi hawakulijua. Hata ulipotafuta kwa simu, Google ilikuwa ikipima kurasa kwa kutumia sura ya kompyuta. Inasoma maneno na viungo vya kompyuta, halafu wewe unafunguliwa sura ya simu, ambayo labda haina hayo maneno. Novemba 2016 ikatangaza kugeuza meza: itasoma sura ya simu kwanza, na hiyo ndiyo itakayoingia katika faharasa yake. Machi 2018 ikaanza kuhamisha tovuti kundi kwa kundi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019 tovuti zote mpya zilisomwa hivyo tangu mwanzo. Za zamani ziliendelea kuhamishwa polepole, kila moja kwa zamu yake. Oktoba 2023 Google ikasema kazi hiyo imekamilika, na Julai 2024 ikamalizia vibaki vichache. Tovuti isiyofunguka kabisa kwenye simu haiingii tena katika faharasa.

Je, unaona kilichompata yule mama? Tovuti yake ilikuwa ya zamani, kwa hiyo mwaka 2019 nilipokata viungo vya simu, Google ilikuwa bado inasoma sura ya kompyuta. Hakuna kilichoharibika, na nikajiona fundi. Mwaka 2020 zamu yake ya kuhamishwa ikafika. Google ilituma hata barua pepe ya kutoa taarifa. Ilikuja kwenye anwani yangu na sikuisoma.

Tangu siku hiyo roboti iliingia kwa mlango wa simu. Ikakuta menyu ya viungo vitatu na orodha ya pampu sita. Kitufe cha "Onyesha zaidi" haikukibofya, kwa sababu roboti hiyo haibofyi vitufe. Inafuata viungo halisi vya HTML, vile vyenye a na href. Pampu zilizobaki hazikuwa na njia wala kura hata moja kutoka ndani ya tovuti yao wenyewe. Viungo vyote nilivyoviona kwenye kompyuta yangu vilikuwepo kweli, ila hakuna aliyekuwa akivihesabu.

Wengi wakisikia tofauti ya simu na kompyuta katika SEO, yaani kazi ya kuisaidia tovuti ionekane katika matokeo ya utafutaji, wanafikiria m. na www peke yake. Mama yule alikuwa na anwani moja tu! Anwani haikugawanyika. Kilichogawanyika ni viungo vilivyokuwa ndani ya ukurasa. Zamani hatari ilikuwa kura kupotea njiani kati ya anwani mbili. Siku hizi hatari kubwa ni kura kutopigwa kabisa, kwa sababu fundi ameona menyu ni ndefu mno kwa skrini ndogo.

Nilirudisha viungo vyote. Menyu ndefu nikaikunja chini ya kitufe, lakini viungo vyake vikabaki ndani ya HTML. Hilo halina shida, kwa sababu Google ilishasema kwamba katika sura ya simu, kilichokunjwa kwa ajili ya nafasi kinahesabiwa. Orodha ya pampu nikaigawa katika ukurasa wa 1, wa 2, wa 3, kila mmoja na anwani yake na kiungo chake. Kurasa zilirudi moja moja kwa wiki kadhaa. Pesa za ule msimu wa kiangazi hazikurudi. Sikumtoza, na yeye hakunifokea, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Mambo ya kuangalia kwako

1. Fungua ukurasa wako kwa simu na kwa kompyuta, kisha hesabu viungo. Kama simu ina vichache, jiulize kila kilichokosekana kilikuwa kinaelekea wapi.

2. Ingia Search Console na ukague anwani ya ukurasa wako wa ndani kabisa. Itakuonyesha HTML ambayo roboti iliiona. Tafuta viungo vyako humo.

3. Kama bado una m., hakikisha kila ukurasa wa www unaelekea kwa ndugu yake wa m., na si kwenye ukurasa wa mwanzo. Alama za alternate na canonical zibaki pande zilezile za zamani. Hata baada ya simu kuwa ya kwanza, Google haikutaka zigeuzwe.

4. Ukiamua kuiua m., elekeza kila anwani yake kwa mwenzake wa www kwa 301. Google ilisema mwaka 2016 kwamba kuelekeza hivyo hakupunguzi PageRank, kwa hiyo usiogope kura za zamani.

5. Kama simu inahitaji wepesi, kata picha nzito na JavaScript kabla hujagusa viungo. Kiungo kimoja ni herufi chache tu.

Mwaka 2025 Wikimedia Foundation nayo iliachana na anwani za m. Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili leo, uwe na simu au kompyuta, anwani ni moja, sw.wikipedia.org. Zaidi ya miaka ishirini baada ya Berners-Lee kupinga .mobi, moja ya tovuti kubwa kabisa duniani imefika alikokuwa amesimama yeye.

Nami tangu siku ile ya simu isiyolia, tovuti yoyote ninayoijenga naikagua kwa simu ndogo ya bei rahisi iliyo kando ya kibodi yangu, kabla sijaifungua kwenye kompyuta. Na barua pepe za Search Console nazisoma, zote, hata zile za kuchosha.

Kwa leo naishia hapo. Kama una m. yako iliyokushinda, niandikie tuiangalie pamoja. Kwaherini, hadi wakati mwingine.